Mwambie Arudie: Maneno Yangu kwa Majaji Wapya wa Shoo za Mbwa Nairobi

Kujeni mkae hapa mbele kwenye kivuli, viti bado viko, na huyo kijana mwenye rotwaila naomba umpe maji kwanza alafu usogee, jua ya saa hii si ya mbwa mweusi. Haya. Asanteni kwa kunialika. Niliambiwa nije niwaeleze nyinyi majaji mnaoanza kuhusu kazi ya stiwadi, vile tunapanga namba na makaratasi na riboni, lakini hiyo mtaisoma kwenye kitabu chenu. Mimi nimekuja na jambo moja ambalo limenikaa rohoni miaka mingi na nikaona heri niliseme leo mkiwa bado hamjapewa ringi zenu, yaani viwanja vya kuhukumia mbwa. Mshika kamba akikosea mbele yako, wewe jaji unafanya nini? Ni hilo tu.

Nimesimama kando ya majaji kama stiwadi kwa muda mrefu, majaji wa hapa na wale wa kuletwa na ndege, na kabla ya hapo nilikuwa mshika kamba mwenyewe. Nilitoka Kitui nikaja Nairobi kufanya kazi ya nyumba huko Karen, na mama mwenye nyumba alikuwa na mbwa wa shoo. Kijana wa keneli alipoacha kazi nikaambiwa wewe ndio utakuwa unawalisha na kuwatembeza, kumbe hiyo kutembeza ndio ilikuwa mwanzo wa maisha yangu yote, sababu wale mbwa walinipenda na mimi nikawapenda, nikawa najua nani anakula pole pole na nani anaogopa radi. Kulikuwa na mzee mmoja jirani pale, amefanya na mbwa tangu ujana wake, akawa ananifundisha jioni kwenye nyasi za nje ya geti. Alikuwa ananiambia, legeza mkono mama, unavyoogopa mbwa anasikia kwa kamba.

Siku yangu ya kwanza kwa ringi nilikuwa nimemshika jike aina ya Rhodesian Ridgeback, tulikuwa tunamwita Sukari. Mbwa mzuri, mgongo wake ule mstari wa nywele zinazoelekea mbele ulikuwa umenyooka na zile taji mbili, duara za nywele kwenye huo mstari, zimeangaliana vile inatakiwa. Jaji alikuwa mgeni. Akaniambia neno moja, trayengo. Mimi sikujua trayengo ni nini, kumbe ni kukimbiza mbwa kwa pembe tatu, sikuwahi kuambiwa, kwetu kwa mazoezi yule mzee alikuwa anasema tu nenda pale alafu pale alafu rudi. Basi nikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ringi nikarudi. Jaji akasema tena neno lile lile, kwa sauti ya juu zaidi. Nikaenda tena moja kwa moja, kwa mbio zaidi, nikidhani labda shida ni nimeenda pole. Mara ya tatu akaja, akaninyang'anya kamba mkononi mbele ya watu wote, akamkimbiza Sukari yeye mwenyewe. Sasa wewe fikiria, mbwa ameona mtu wake ametetemeka, ameona mtu hamjui amechukua kamba kwa hasira. Sukari akaingiza mkia katikati ya miguu akaanza kuvuta kurudi kwangu. Na jaji akaandika kwenye karatasi kwamba huyu mbwa ni mwoga.

Mimi sikulia pale, nililia kwa gari. Mama mwenye nyumba hakunitukana, hakusema kitu chochote kutoka uwanjani mpaka Karen, na shoo iliyofuata akatafuta mtu mwingine. Nilikaa karibu miaka miwili bila kushika kamba ya shoo. Na si mimi peke yangu niliyeonewa pale, mbwa pia alionewa, sababu ule uwoga ulioandikwa kwa karatasi haukuwa wa Sukari, ulitengenezwa palepale ringini na yule mtu aliyeuandika. Hapo ndio nataka tuanzie. Ukimtendea hendla, yaani mshika kamba, vibaya hutaona mbwa. Watu wengi wanadhani hii ni habari ya adabu tu, kwamba jaji awe mpole ndio watu wafurahi. Adabu ni kitu kizuri lakini mimi naongea kuhusu kazi yenyewe, kwamba jaji mkali kwa hendla anaharibu kile kitu alichoitwa kuangalia.

Hii mambo haikuanzia kwetu, mnajua. Shoo ya kwanza iliyopangwa vizuri huko Uingereza ilikuwa Newcastle mwaka wa 1859, na ilikuwa ya pointa na seta peke yake, mbwa wa kuwinda ndege, na washindi walipewa bunduki. Kennel Club ya Uingereza ikaanza 1873, Charles Cruft akaanza shoo yake London mwaka wa 1891, na FCI ambayo ndio inaunganisha klabu za nchi nyingi ikaanzishwa 1911. Ukiangalia ile ya Newcastle utaona swali lilikuwa moja, mbwa wa nani tuzalishe naye. Wale walikuwa wawindaji, walitaka kujua mbwa gani ana bega zuri na mwili wa kufanya kazi siku nzima. Swali ni hilo hilo mpaka leo. Vitoto vya mbwa vitarithi bega la mama yao, vitarithi meno yake, mgongo wake, tabia yake. Mkono wa mtu aliyemshika mama yao Jumapili moja hautarithiwa na kitoto hata kimoja. Na hata hao Ridgeback wetu wa Afrika, standadi yao, yaani maelezo ya vile mbwa wa aina hiyo anatakiwa kuwa, iliandikwa Bulawayo mwaka wa 1922 na waliazima mfano kutoka kwa ile ya Dalmatian, ukiisoma yote kutoka juu mpaka chini utaona mambo ya kichwa na kifua na miguu na ule mstari wa mgongo, hutaona pahali wameandika mshika kamba avae nini au ageuke vipi.

Kwa hivyo jaji mzuri ni yule anajua kuangalia kupita kosa la mkono mpaka amfikie mbwa. Na hiyo si kipaji cha kuzaliwa nacho, inafundishika, kwa sababu makosa ya mahendla ni yale yale kila mwezi na kila moja linaacha alama yake kwa mbwa.

Chukua kamba iliyokazwa. Hii ndio naona zaidi hapa Nairobi, sababu wengi wetu tulijifunza kushika mbwa wa ulinzi na mbwa wa ulinzi unamshika kwa nguvu. Hendla akiogopa mkono unapanda juu, kamba inabana chini ya taya, kichwa kinavutwa juu, na mbwa akikimbia miguu ya mbele inaanza kurushwa kama anakanyaga hewa, viwiko vinaonekana vimetoka nje. Jaji asiyejua ataandika sehemu ya mbele ni mbovu. Jaji anayejua atasema, legeza kamba, rudia. Mara nyingi akirudia na kamba imelegea unaona mbwa mwingine kabisa, na kama viwiko bado vinatoka basi sasa umejua ni vyake kweli na unaandika bila wasiwasi. Mnaona, kumpa nafasi ya pili si kumhurumia, ni wewe kupata ukweli.

Ama mwendo wa pole. Mbwa kwa troti anatakiwa miguu iende kwa mshazari, wa mbele kushoto na wa nyuma kulia pamoja. Hendla akienda pole sana, mbwa wengi wanaanza ule mwendo wa ngamia, miguu ya upande mmoja inaenda pamoja, na mwili unayumba. Saa zingine mbwa amechoka, saa zingine ndio mwendo wake, lakini mara nyingi sana ni mtu tu ameenda pole kwa sababu anaogopa kuanguka, na nyasi zetu za mwezi wa nne baada ya mvua mnazijua. Ongeza kidogo, rudia. Na kuna wale wanakimbia kama wamefukuzwa, mpaka mbwa anaruka badala ya kutroti, hao unawaambia punguza, rudia.

Kusimamisha mbwa nako kuna mambo yake. Hendla mgeni anashika mguu wa nyuma anauvuta nyuma mpaka basi, sababu ameona picha kwa simu mbwa amenyooshwa, na mgongo wa mbwa unazama. Mwingine anaisukuma ile miguu ndani chini ya tumbo na mgongo unapinda juu kama wa paka. Wewe unataka kuona mstari wa mgongo na unachoona ni mkono wa mtu. Usimpangie mbwa wewe, usiinamishe mgongo wako uanze kushika miguu, na usimrekebishe huyo mtu mguu kwa mguu mbele ya watu. Kuna dawa rahisi sana ambayo mama mmoja jaji nilimuona akitumia kwa kila mbwa aliyepangwa vibaya, anasema tembea hatua tatu alafu simama, muache asimame mwenyewe. Mbwa akisimama mwenyewe miguu inaenda pale Mungu aliiweka. Na nyasi zikiwa ndefu usianze kumlaumu mtu ati haonyeshi nyayo za mbwa wake mdogo, mwambie amlete kwa meza ama pale simiti iko.

Meno ndio pahali nimeona machozi mengi. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, kitoto kina 28, na katika aina nyingi unataka ya juu yafunike ya chini kidogo kama makasi. Sasa hendla ametia maini mdomoni mwa mbwa ili atulie, na jaji amefika, mbwa anatafuna. Ama hendla anafungua mdomo lakini kiganja kimefunika pua na macho, mbwa hapumui vizuri, anapiga kichwa huku na huku. Jaji anaanza kupumua kwa nguvu, anaangalia saa. Hapana. Sema, ngoja amalize kutafuna. Sema, inua mdomo wa juu tu hapa mbele, alafu upande huu, alafu ule. Kama unataka kufungua mwenyewe mwambie kwanza, na kama unaenda kushika nyuma kuhakikisha dume ana korodani zote mbili mwambie hendla pia, ashike kichwa vizuri, usimshtue mbwa alafu umlaumu mtu ati hajamfunza mbwa wake kuguswa.

Kusimama katikati ya mbwa na jaji, hilo kila mtu hufanya mwanzoni, hata mimi nilifanya. Neno moja linatosha, pita upande ule.

Sasa lugha. Hapa niwasihi kabisa. Hapa Nairobi watu wengi wanaoshika kamba ni wafanyakazi. Ni vijana wa keneli, ni askari wa mbwa, ni shamba boi amepewa koti la mdosi jana usiku aambiwe kesho unaenda shoo, mwingine amekuja na gambuti sababu ndio viatu alivyonavyo na Mungu anajua amezisugua mpaka zinang'aa. Mwenye mbwa amekaa pale kwa hema anaangalia. Wewe ukimfokea huyo kijana mbele ya mdosi wake hujamfundisha kukimbiza mbwa, unaweza kuwa umemwondolea kazi, na yeye ndiye anajua huyo mbwa anakula nini na anaumwa wapi kuliko mwenyewe. Na pengine hakukosea kwa sababu hajui, alikosea kwa sababu hakuelewa neno ulilosema. Kwa hivyo sema Kiswahili. Mpeleke mpaka pale, rudi kwangu. Zunguka mara moja. Msimamishe hapa. Geuka kulia ukifika kwa ile kona, alafu kona ya pili, alafu njoo. Ni maneno ya kila siku na hayapunguzi heshima yako hata kidogo. Kama jaji ni mgeni hajui Kiswahili, stiwadi yuko kwa nini? Mimi siku hizi nikisimama na jaji mgeni namuomba asubuhi kabla hatujaanza anionyeshe anataka watu waende vipi, mara moja tu, na naenda nje pale mahendla wamejipanga nawaeleza wote kwa pamoja, walio na uzoefu na wasio nao. Hiyo dakika tano inaokoa siku nzima.

Kuna jaji mmoja, mama mtu mzima kutoka nje, niliingia kwa ringi yake baada ya ile miaka miwili nikiwa nimemshika labrado wa mtu mwingine. Moyo ulikuwa unapiga mpaka naskia masikioni. Aliona, nafikiri aliona. Hakusema neno lolote, alinyoosha kiganja chake akachora na kidole, huku, huku, alafu huku, pembe tatu, akanionyesha kona ya kwanza kwa jicho akatabasamu. Nikaenda. Katikati labrado akaanza ule mwendo wa ngamia, nikarudi nikijua nimemaliza mambo. Akafanya ishara ya mkono, haraka kidogo, tena. Nikaenda tena na mara hii tulienda vizuri mpaka nikasahau watu. Hakunipa ya kwanza. Tulikuwa wa tatu, na ukiniuliza leo nitakwambia tatu ilikuwa haki, wale wawili walikuwa na vichwa vizuri kuliko wangu. Lakini nilirudi nyumbani nikijua mbwa wangu ameangaliwa. Ndio maana mko na mimi hapa leo.

Naona mkono pale nyuma. Eeh, sema baba. Anauliza, na muda je, mbwa ni wengi na kila mtu akirudia tutamaliza usiku. Ni swali la kweli na nimelisikia kwa majaji wengi. Wenzetu wa FCI pale ripoti ya kila mbwa inaandikwa wanahesabu mbwa 20 kwa saa, hiyo ni dakika tatu kwa kila mmoja. Kwenda na kurudi mara ya pili kwa ringi zetu hizi ni nusu dakika hata haifiki. Na si kila mtu atahitaji. Muda unaopotea kwa ringi, mimi ninayeshika saa nawaambia, haupotei kwa kurudia, unapotea kwa jaji kumhutubia hendla ama kusimulia habari za mbwa wake wa zamani.

Lakini kuna mpaka, na hapa msinielewe vibaya. Mpe kila mtu kile ulichompa wa kwanza. Ukimwambia kijana huyu rudia, na mwingine ameteleza vile vile, naye arudie, hata kama ni mtu humpendi, hata kama ni bingwa anayejulikana na wewe unaona angejua. Usimsaidie rafiki yako kwa jina la upole. Na mbwa ambaye amerudia mara mbili na bado anamrukia hendla au anavuta kutoka ringini, hapo umefanya yako, kwa FCI kuna alama kabisa ya huyo, kwamba hawezi kuhukumiwa, na sababu inaandikwa kwa ripoti. Naipenda hiyo kanuni. Haisemi mbwa ni mbaya, inasema sikuweza kumwona, na yule mtu anaenda nyumbani akijua cha kufanyia kazi. Andika hivyo, usiandike mwendo mbovu kama mwendo hukuuona.

Kitu kingine ambacho si kosa ni hila. Mtu amepaka mbwa rangi, amejaza unga kwa manyoya ifiche kitu, amemfanyia mbwa upasuaji ili kasoro isionekane, huyo hajakosea, huyo anakudanganya, na anaharibu aina nzima ya mbwa kwa watakaonunua vitoto. Huyo usimwambie arudie, fuata sheria. Na yule mwenzake amesimama nje ya kamba anapiga mluzi na kuita jina la mbwa ili mbwa ainue masikio, nyinyi wenye mbwa aina ya German Shepherd mnanielewa, najua kwenye shoo zenu wenyewe imezoeleka, lakini kwa ringi ya mbwa wa kila aina inamkosea yule mtu aliyekuja peke yake bila mtu wa kumwitia. Tuma stiwadi aende amwambie pole pole. Usipige kelele ukiwa katikati ya ringi.

Na kupiga mbwa. Kumvuta kamba mpaka anakohoa, kumfinya, kumpiga kibao cha mdomo sababu amekaa chini. Hapo sitaki upole, hapo simamisha kila kitu. Lakini hata hapo, sema na mtu kama mtu. Niliwahi kuona kijana amempiga kofi dume la bokseri, na jaji akasimama akamwendea karibu kabisa, hakuinua sauti, akamwambia ukimguza hivyo tena unatoka, shika kamba hivi, pumua, tuanze upya. Yule kijana alikuwa anaogopa, hakuwa mkatili, na sijamuona tena akiinua mkono. Angefukuzwa kwa matusi angeenda kumalizia hasira kwa mbwa huko nyuma ya magari, na hakuna mtu angeona.

Jambo la mahendla wanaojulikana nitaligusa haraka, maana linaumiza watu na wanaliongelea kwa hema bila kuwaambia majaji. Kuna wale wanashika vizuri sana, wanajua kuficha mgongo mbovu kwa kumsogeza mbwa nusu hatua unapoangalia, wanajua kutumia maini kuinua shingo ambayo ni fupi. Hiyo ni kazi yao na siwalaumu. Lakini wewe ukimshusha kijana wa gambuti kwa sababu mkono wake ulikosea, jua umempandisha huyu mwingine kwa sababu mkono wake ulifaulu, na mara zote mbili hujahukumu mbwa. Ukimuona mbwa mzuri kwa mkono mbaya, hiyo ndio siku yako ya kuonyesha wewe ni jaji.

Watoto ni kinyume, na msichanganye. Kwenye darasa la watoto kushika mbwa, huko Marekani ni kuanzia miaka 9 mpaka kabla ya 18, unahukumu mkono na si mbwa. Hapo makosa ndiyo kazi yenyewe. Lakini mtoto huyo huyo akiingia darasa la kawaida na mbwa wa nyumbani kwao, hapo tena ni mbwa, na mtoto akiangusha kamba unamngoja aiokote. Na hata kwenye darasa la watoto, ukitaka kumsahihisha inama ufike kimo chake. Hakuna haja ya wazazi wote kusikia.

Baada ya ringi sasa. Mtu akija kukuuliza kwa nini mbwa wangu hakushinda, mjibu kuhusu mbwa. Kama kweli mkono ndio ulikusumbua, mwambie yule aliyeshika, pembeni, peke yake, na umwambie kitu kimoja anachoweza kufanya kesho. Usimwambie mwenye mbwa mfanyakazi akiwa amesimama hapo na mdomo umefungwa. Nimeona hiyo mara nyingi mno na kila mara naangalia mikono ya yule mfanyakazi, vile anakunja kamba na kukunjua.

Sina mengi zaidi. Kesho asubuhi saa mbili tunarudi hapa na nimeongea na mahendla kumi ambao wamekubali kutuletea mbwa wao. Nyinyi majaji ndio mtashika kamba. Kila mmoja atapewa mbwa ambaye hajawahi kumuona, na kwa ile meza ya jaji atakaa mmoja wa hao vijana wa keneli, atakwambia nenda, rudi, zunguka, onyesha meno, na sisi wengine tutakuwa kwa hema tunaangalia. Kuja na viatu vya kukimbia, na maini nitaleta mimi.